Orijino ya Nani?

Nina ugomvi na neno "orijino", hasa linapotoka mdomoni mwa mtu ambaye hajawahi kulala chini ya gari akamwagikiwa mafuta usoni. Siku hizi neno hilo linatumika kufunga mjadala. Ukiwa na gari la zamani, tena la Kimarekani, na ukataka kulitengeneza litembee, utaambiwa kwa sauti ya msibani: "Aisee, usiliguse hilo. Liache orijino." Wanaosema hivyo wengi wao ni watu wazuri tu. Wamesoma, wanapenda historia, wana simu zenye kamera kali. Wanapiga picha, wanazipandisha mtandaoni na maneno mawili matatu ya kusikitikia enzi, halafu wanapanda magari yao ya Kijapani yenye kiyoyozi na kuondoka. Gari linabaki palepale chini ya mwembe, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma.

Mimi nasema hivi: kulitoa gari la namna hiyo giaboksi yake ya otomatiki iliyochoka na kulifungia nyingine, hata kama hiyo nyingine ni ya Toyota, si kuliharibu. Anayelizuia ndiye anayeliharibu, ila yeye analiharibu polepole, kwa kutu, na kutu haina wa kulaumiwa.

Mfano ninaoujua vizuri uko Kiluvya. Kwa wasiopajua, ukitoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro, ukaiacha Kibamba, unaingia kwenye kata ambayo kwa makaratasi ni ya Wilaya ya Kisarawe, na ukisogea kidogo tu tayari uko Kibaha. Mtu wa pale anafuata mhuri Kisarawe, ananunua sukari na dagaa Maili Moja, na watoto wake wanafanya kazi mjini Dar. Hapo ndipo anapokaa baba mkubwa wangu, mstaafu wa TAMCO, kile kiwanda cha Kibaha kilichokuwa kikiunganisha malori ya Scania. Uani kwake kuna Chevrolet Impala ya mwaka 1964, usukani kulia, injini ya silinda sita iliyopangwa kwa mstari.

(Jina lenyewe linanichekesha kila nikiliona pale nyuma kwa herufi za kung'aa. Impala ni swala pala wetu huyuhuyu. Wamarekani walimchukua mnyama wa Afrika mwaka 1958 wakambandika kwenye gari, hakuna aliyewauliza kama jina hilo ni orijino kwa Detroit.)

Baba mkubwa alilinunua kwenye mnada akiwa kijana, akalitumia, kisha zikaja zile siku za shida ya mafuta. Wakubwa wanakumbuka: mwanzoni mwa miaka ya 1980 gari binafsi lilikuwa haliruhusiwi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, na hata siku zilizoruhusiwa, petroli ya kulisha Chevrolet uipate wapi? Likaegeshwa. Likatoka tena miaka ya 1990, likaenda harusi mbili tatu, kisha giaboksi ikaanza kuteleza. Ukikanyaga mafuta injini inalia, gari linafikiria kwanza. Mwisho ikakataa kabisa kwenda mbele; ikabaki na rivasi tu. Na gari la rivasi tu, tuseme ukweli, ni pambo.

Sasa tuiangalie hiyo giaboksi inayotetewa kwa machozi. Inaitwa Powerglide. Chevrolet waliitoa mwaka 1950 na wakaitengeneza hadi 1973. Ina gia mbili za kwenda mbele. Mbili! Ya kwanza inazidisha msokoto wa injini mara 1.82, ya pili ni moja kwa moja, propela inazunguka sawa na injini. Pengo lote linalobaki linazibwa na konveta, lile dude la duara lililojaa mafuta kati ya injini na giaboksi. Ndani yake kuna feni mbili zinazotazamana: moja inazungushwa na injini, inasukuma mafuta, mafuta yanaisukuma ya pili. Ndiyo maana dereva wa otomatiki hana klachi ya kukanyaga. Ni wazo zuri sana. Lakini kwa kuwa pale katikati hakuna chuma kinachokishika chuma, kuna kuteleza, na kila kuteleza kunazaa joto. Joto ndilo linaloua otomatiki. Linapika mafuta, mafuta yanakuwa meusi na kunuka kama maharage yaliyoungua, sili zinakauka, na sahani za ndani zinakosa kushikana.

Ilibuniwa kwa barabara zilizonyooka, petroli ya bei chee na dereva asiye na haraka. Hapo haina ubaya. Lakini wewe itoe Gongo la Mboto uipandishe vilima vya Pugu kwenda Kisarawe, mchana wa Januari, ndani watu watano na gunia la mihogo kwenye buti. Ukiiacha kwenye gia ya pili, injini inalemewa na konveta inachemka. Ukiishusha ya kwanza, injini inapiga kelele kama mashine ya kusaga. Katikati ya hizo mbili hakuna kitu, na kilima chenyewe kinataka hasa hicho cha katikati. Ukirudi kwenye Barabara ya Morogoro, kipande cha Mlandizi kwenda Chalinze, tatizo linageuka: hakuna gia ya juu ya kuipumzisha injini, kwa hiyo inazunguka kwa kasi muda wote na kunywa petroli kama vile mwenye kituo ni shemeji yake.

Mtetezi wa orijino anajibu: basi ifanyiwe ukarabati, vifaa vyake bado vinatengenezwa. Kweli kabisa. Powerglide inapendwa mno Marekani na watu wa mashindano ya mbio fupi za mstari ulionyooka, kwa sababu ni ngumu na ni nyepesi, na ukiwa na injini ya nguvu za kutisha gia mbili zinakutosha. Kwa hiyo unaweza kuagiza sili, sahani na bendi, ukalipia usafiri na ushuru, ukasubiri. Ukimaliza utakuwa na nini? Utakuwa na giaboksi nzima, safi, ya gia mbili, chini ya kilima kilekile cha Pugu.

Na huko kwao wenyewe hawaiabudu. Mmarekani wa kawaida mwenye Chevrolet ya miaka ya 1960 na anayetaka kusafiri nayo, huitoa Powerglide na kufunga ile inayoitwa 700R4, iliyotoka mwaka 1982, yenye gia nne: ya kwanza ina uwiano wa 3.06, ya nne 0.70. Inakaa kwenye matundu yaleyale ya boliti nyuma ya injini. Hakuna anayemlilia. Anaambiwa hongera. Sisi tu ndio tunaotakiwa kuwa walinzi wa kaburi la mtu mwingine.

Wakati huo baba mkubwa alishapigiwa simu mara nne na watu wanaotaka kununua. Mmoja alikuwa muwazi kuliko wenzake: alilitaka gari "hivyohivyo lilivyo, mzee usitie spana", alipeleke nje, huko kuna watu wanalipia vumbi la asili. Mwingine alitaka kuliweka kwenye bustani ya hoteli, maua yapandwe kwenye boneti. Wote wawili walitumia neno orijino. Baba mkubwa aliwasikiliza kwa adabu, na walipokata simu akaniambia, "Mwanangu, mimi sitaki gari la kuangalia. La kuangalia ninalo, liko kwenye fremu ukutani pale na mama yako mkubwa amekaa juu ya boneti."

Hapo ningeweza kuishia, maana mwenye mali kasema. Lakini hoja ya orijino ina mizizi mirefu kuliko gari moja la Kiluvya, na mizizi yenyewe nadhani imeoza.

Tuanze na lugha, maana sisi wa hapa ni watu wa lugha. Neno orijino limeshaingia kwenye Kiswahili na lina maana yake, na si ile wanayotaka kutuuzia. Nenda Gerezani, Kariakoo, ukaulizie kifaa chochote cha Toyota. Muuzaji atakuwekea vitu viwili mezani: hiki ni kipya, hiki ni orijino. Sikiliza vizuri alichosema. Kipya kiko kwenye boksi lake, kina nailoni, kinang'aa. Orijino kina masizi, kimetolewa kwenye gari la mtu huko Japani, kimesafiri na kontena, na bei yake mara nyingi iko juu kuliko kile kipya. Kwa Kiswahili cha Gerezani, orijino ni kitu kilichokwisha kujaribiwa, kimefanya kazi na bado kinafanya. Haijalishi kilitoka kwenye gari gani. Kinaweza kutoka Mark II kikaingia Hiace, na kitabaki orijino. Hiyo ndiyo maana ambayo watu wetu wamelipa neno hili kwa pesa zao wenyewe, kwa kuumizwa na vifaa feki vilivyokufa ndani ya wiki. Ni maana nzito kuliko ya mkusanyaji wa magari, ambaye kwake orijino ni kitu kisichoguswa.

Halafu historia. Wanasema kubadilisha giaboksi ni kughushi historia. Historia ipi? Tarehe 12 Agosti 1953 kiwanda cha General Motors kilichokuwa kikitengeneza giaboksi za Hydra-Matic, kule Livonia, Michigan, kiliteketea kwa moto. Hydra-Matic ndiyo iliyokuwa otomatiki ya kwanza kutengenezwa kwa wingi; ilianza kwenye Oldsmobile za mwaka 1940, na vita vilipokuja ikafungwa hadi kwenye vifaru. Sasa kiwanda kimeungua, magari yako kwenye mstari yanasubiri giaboksi. Unadhani walisimamisha kazi wakaketi kulinda uhalisi? Cadillac na Oldsmobile zilifungwa Dynaflow, giaboksi ya Buick. Pontiac zikafungwa Powerglide ya Chevrolet. Wahandisi wakatoboa na kurekebisha hadi ikakaa, magari yakauzwa. Cadillac yenye giaboksi ya Buick leo hii inahesabiwa kuwa orijino, kwa sababu tu aliyeibadilisha alikuwa amevaa koti jeupe la kiwandani. Fundi wa Kibaha akifanya kilekile amevaa ovaroli ya kijani iliyochanika, anaitwa mharibifu.

Na ile Rolls-Royce iliyoko Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam, iliyowabeba magavana wa Kiingereza na baadaye Mwalimu Nyerere, sina haja ya kuifungua. Nataka tu mjue kwamba kampuni iliyoitengeneza, kampuni yenye kiburi kuliko zote duniani, kuanzia mwaka 1952 ilikuwa ikifunga Hydra-Matic ya Wamarekani kwenye magari yake. Waliona kuliko kubuni yao mbaya, bora wachukue nzuri ya jirani. Hakuna aliyesema Rolls-Royce imekuwa Oldsmobile.

Tena ngoja, tuna ushahidi wa nyumbani. Scania zilizotoka TAMCO zilikuwa orijino ya wapi? Vipande vilikuja kutoka Uswidi kwenye masanduku, vikaunganishwa Kibaha na kina baba mkubwa. Boliti ziliingizwa na mikono ya watu wa Pwani, Morogoro na Iringa. Mzee aliyeunganisha malori mazima anaambiwa leo kwamba hana ruhusa ya kugusa giaboksi ya gari lake mwenyewe. Hii inaniuma kuliko yote. Chini ya neno orijino kuna dharau iliyojificha: kwamba kitu kikitoka nje kimekamilika, na mkono wetu ukikigusa kinapungua.

Eneo hilohilo la TAMCO lina jambo jingine. Mwaka 2015 kilizinduliwa pale kiwanda cha dawa ya kuulia viluwiluwi vya mbu, kwa teknolojia ya Cuba. Wacuba wakaja kukaa Kibaha. Nawataja kwa sababu hakuna watu duniani waliojibu swali letu vizuri kama wao. Baada ya mapinduzi ya 1959 na vikwazo vya Marekani vilivyofuata, magari mapya ya Kimarekani hayakuingia tena Cuba, na spea zake pia hazikuingia. Yakabaki yaliyokuwepo: Chevrolet, Buick, Plymouth, Ford za miaka ya 1940 na 1950. Kwa nini hadi leo yanatembea Havana? Kwa sababu Wacuba hawakuyaacha orijino. Otomatiki ilipokufa, walitoa wakafunga manyuo, yaani giaboksi ya klachi na mkono, kutoka kwenye gari la Kirusi. Injini ya petroli ilipochoka walifunga ya dizeli, ya Kirusi, ya Kijapani, baadaye ya Kikorea, chochote kilichopatikana. Mengi ni teksi za kuchangia, yanabeba watu kazini na kurudi. Watalii wanatoka Ulaya kwenda kuyapiga picha wakidhani wanaona mwaka 1955. Wanachokiona ni miaka sitini ya mafundi. Na magari mangapi ya aina hiyohiyo, yaliyotunzwa kila boliti kwenye gereji za watu wenye pesa, yamewahi kumfikisha mama mjamzito hospitali?

Nikisema hivi, vijana wa upande wa pili wanashangilia, na hao nao nina neno nao. Wao hawataki orijino, wanataka manyuo. Wameona video za magari yakichora duara na moshi. Kijana mmoja, mpwa wa jirani, alikuja Kiluvya na pendekezo zima: toa injini, toa giaboksi, weka ya Toyota yenye tabo na manyuo ya gia tano, "mzee, otomatiki ni ya wanawake na wazee." Alimwambia hivyo mzee. Baba mkubwa ana miaka sabini na kitu, goti lake la kushoto lilifanyiwa operesheni Muhimbili, na kupanda ngazi tatu za baraza ni kazi. Klachi ya gari la tani moja na nusu ataikanyaga na mguu wa nani? Huyu kijana na yule wa bustani ya hoteli wanagombana mitandaoni, lakini kosa lao ni moja. Hakuna kati yao aliyeuliza nani anakwenda kuendesha.

Ukiuliza hilo kwanza, jibu linajileta lenyewe. Mwendeshaji hana goti: basi ni otomatiki. Anapanda Pugu: basi gia zaidi ya mbili. Anakwenda Chalinze kwa dada yake: basi iwe na gia ya juu ya kupumzisha injini. Hana fundi wa kompyuta jirani: basi isiwe ile inayoamuliwa na kompyuta. Ikiharibika iharibike mahali ambapo spea yake inapatikana, na mahali petu hapa spea inayopatikana ni ya Toyota. Ile 700R4 ingekaa bila kuhangaika, nakubali, lakini sili yake moja ikivuja Jumamosi jioni pale Visiga, utasubiri ndege. Ndiyo ikachaguliwa giaboksi ya Toyota ya gia nne ya kizamani, ya ukoo ule uliokuwa kwenye Mark II na Hiace za miaka ya 1980, inayoongozwa na kebo na shinikizo la mafuta. Gia yake ya nne ina uwiano wa karibu 0.69. Kwa maneno mengine, pale ambapo injini ilikuwa inazunguka mara 3,000 kwa dakika, sasa inazunguka kama 2,100, gari likiwa kwenye mwendo uleule.

Watetezi wa orijino wana hoja moja ya kweli, na ni haki yao niitaje: kazi hii inafanywa vibaya mara nyingi. Nimeona giaboksi iliyochomelewa kwenye chasisi kama geti. Nimeona propela iliyokatwa na kuungwa kwa macho, gari likifika kasi ya 60 vioo vinacheza muziki. Nimeona otomatiki iliyofungwa bila kuunganishwa na mirija ya kupoozea mafuta kwenye rejeta, ikafa kabla ya kufika Chanika. Lakini hiyo ni hoja ya kutaka kazi nzuri. Daktari mbaya hatufanyi tukatae upasuaji.

Kazi nzuri ilionekanaje? Kwanza bamba. Nyuma ya injini ya Chevrolet na mdomo wa giaboksi ya Toyota havijuani, matundu hayalingani, kwa hiyo panahitajika bamba la chuma katikati lenye matundu ya wote wawili. Lilikerezwa Kibaha, kwa mkereza chuma ambaye kazi yake ya kila siku ni vyuma vya malori. Alilipima mara tatu, akalikataa la kwanza alilolitengeneza mwenyewe. Sababu ni kwamba katikati ya injini na katikati ya giaboksi lazima viwe kwenye mstari mmoja. Kosa la robo milimita tu linatosha kula bushi ya pampu ya mafuta, na pampu ikifa giaboksi yote imekufa. Ile konveta ya Toyota nayo ilibidi ishikwe na sahani ya Chevrolet, sahani ikatobolewa upya. Propela ilifupishwa, ikaungwa, ikapelekwa Dar kusawazishwa kwenye mashine, si kwa macho. Mirija ya kupoozea ikapita kwenye rejeta, na kikaongezwa kipoozeo kidogo mbele yake kwa ajili ya Pugu. Giaboksi ikashikwa na mhimili mpya uliofungwa kwa boliti kwenye matundu yaliyokuwepo tangu kiwandani. Chasisi haikukatwa hata inchi. Hilo lilikuwa sharti la mzee, na mimi naliunga mkono: atakayetaka kesho kurudisha ya zamani afungue boliti tu.

Kilichochukua siku nyingi kuliko vyote ni kebo. Inatoka kwenye kabureta kwenda kwenye giaboksi, nyembamba kama ya breki ya baiskeli, na kila mtu anaidharau. Kumbe ndiyo inayoiambia giaboksi dereva amekanyaga kiasi gani. Ikilegea, giaboksi inadhani unatembea taratibu, inashusha shinikizo la mafuta, sahani zinashikana kwa ulegevu, zinateleza, zinaungua. Kabureta ya Chevrolet inavuta urefu mmoja, giaboksi ya Toyota inatarajia mwingine. Fundi alitengeneza mkono mdogo wa chuma, akajaribu, akautoa, akatoboa tundu lingine nusu sentimita pembeni, akajaribu tena. Siku tatu. Alikuwa anatafsiri, hakuna neno lingine.

Na kwa kuwa nimelitaja hilo, niwaulize wenzangu wa vitabu mnaotikisa vichwa. Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar. Hakuiacha hapo. Alirudi akaifungua, akasahihisha, na mwaka 1969 ikatoka upya kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo ikatoka Mabepari wa Venisi. Shakespeare aliandika mfanyabiashara, tena mmoja. Mwalimu akafunga mabepari, tena wengi, kwa sababu alijua mchezo huo unakwenda kupanda kilima gani hapa kwetu. Unaweza kubishana na chaguo lake, mimi mwenyewe huwa nabishana nalo. Lakini hatujamwita mharibifu wa Shakespeare, na vitabu vile tuliviweka mashuleni. Kwa nini mtu wa kalamu anaruhusiwa na mtu wa spana haruhusiwi?

Sisemi kila gari lifumuliwe. Kama imebaki moja tu nchini ya aina yake, na kuna jumba lenye paa lisilovuja na mtu wa kulipwa kuitunza, basi ikae hivyo, watoto wakaione. Lakini Impala ya Kiluvya haikuitwa na makumbusho yoyote. Mwito wake ulikuwa kliniki, kanisani, msibani, na kwa dada mtu Chalinze.

Kwa hiyo waliokuwa wanapiga simu, msipige tena kuhusu gari. Kama shida yenu ni Powerglide yenyewe, ipo. Imeoshwa, imewekwa mafuta mapya ndani, matundu yamezibwa kwa vizibo vya mbao, imo kwenye sanduku stoo, wanaume wawili wanaibeba bila taabu. Mzee hataiuza, ila anaruhusu kuitazama.

Gari lilipanda Kisarawe kwa mara ya kwanza siku ya Alhamisi, kupitia Mbezi na Kinyerezi. Pale Pugu lilishuka gia lenyewe, likapanda na tatu, likafika juu mshale wa joto ukiwa chini ya nusu. Kimebaki kitu kimoja kisicholingana: kwenye usukani, mshale wa gia bado unaonyesha herufi za Chevrolet, na giaboksi ya Toyota ina nafasi moja zaidi ambayo Detroit hawakuiandikia. Baba mkubwa amechukua rangi ya kucha ya mjukuu wake, nyekundu, na kwa mkono unaotetemeka kidogo ameandika pale pembeni ya L namba 2.